Boti ya faiba haizibwi kama mashua ya mbao

WAHENGA waliagiza ufa uzibwe mapema ili mtu asije akajenga ukuta. Hawakueleza, hata hivyo, jinsi ya kuziba ufa wa chombo cha faiba, kwa kuwa katika zama zao vyombo vyote vya Pwani vilikuwa vya mbao.

Hivi leo, katika fuo za Malindi, Mayungu, Watamu, Ngomeni, Takaungu na Kilifi, boti za faiba hulala mchangani ubavu kwa ubavu na ngalawa, madau na mashua. Zipo za wavuvi, zipo za kupeleka watalii kwenye matumbawe ya hifadhi za baharini za Malindi na Watamu zilizotengwa mwaka wa 1968, na zipo za kuvusha watu kwenye hori. Mradi wa maendeleo ya uvuvi wa KEMFSED, ulioanza mwaka wa 2020 kwa ufadhili wa Benki ya Dunia, ulijumuisha Kaunti ya Kilifi na ulilenga kuinua mapato ya vikundi vya wavuvi wadogo, ambao wengi wao wanatamani vyombo vya kisasa vya kufika maji makuu.

Sababu za kuipenda faiba si haba. Haili na mchwa wala fukusi wa baharini. Haihitaji kukalafatiwa kila msimu. Mbao nzuri za kuundia vyombo nazo zimekuwa adimu na ghali, hasa tangu serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti katika misitu ya umma mwezi wa Februari mwaka wa 2018, marufuku iliyodumu kwa miaka kadhaa.

Lakini chombo hiki kipya kina hila moja ambayo kila nahodha anapaswa kuijua kabla ya kung'oa nanga. Mbao huelea, faiba huzama. Ngalawa ikijaa maji, mabaharia bado wana gogo la kushikilia hadi msaada ufike. Boti ya faiba isiyowekewa vyumba vya hewa au povu gumu la kuielesha, tena yenye mashine nzito nyuma, huenda chini kama chungu. Ndiyo maana kiraka kibovu ni hatari zaidi kwenye boti ya faiba kuliko kwenye dau la babu.

Ujuzi wa mbao hausaidii hapa

Tatizo ni kwamba wengi wanaozitumia boti hizi wamerithi ujuzi wa mbao, nao huuhamishia kwenye faiba bila kujua kwamba vitu hivi viwili vina tabia zinazopingana.

Fundi wa mashua anapokalafati, hushindilia pamba iliyoloweshwa mafuta katikati ya mbao mbili. Kazi hiyo haimalizwi na fundi peke yake, bali humalizwa na bahari. Mbao hunywa maji, huvimba, nazo hubana pamba hadi tundu likafunga. Kila mvuvi anajua kwamba mashua iliyokaa juani kwa majuma kadhaa huvuja siku ya kwanza ya kushuliwa, kisha hujifunga yenyewe baada ya saa chache.

Faiba haina desturi hiyo. Haivimbi ikajifunga. Maji yakipenya kwenye ufa, hujipenyeza kati ya tabaka za ndani, huzitenganisha, na kila wimbi linalopiga hupanua njia. Kwa maneno mengine, maji ambayo ni rafiki wa mbao iliyokalafatiwa ni adui wa faiba iliyopasuka.

Faiba yenyewe ni nyuzi nyembamba za kioo zilizoshikanishwa kwa utomvu wa kiwandani uitwao resini. Ufundi wa kuunda vyombo kwa njia hii ulianza Marekani, ambako Ray Greene wa jimbo la Ohio hutajwa kuwa miongoni mwa waliotangulia kuunda boti ya aina hiyo mwaka wa 1942, na ukaenea duniani baada ya Vita vya Pili.

Anayetaka kuuelewa muundo wake asiende mbali, aitazame nyumba ya udongo ya Giriama au ya Mswahili. Ukuta wa nyumba hiyo una fito na una udongo. Udongo huziba na kushikanisha, lakini kinachousimamisha ukuta ni fito. Fito zikikatika, hata ukandike udongo mara kumi, ukuta utabomoka mvua ya kwanza. Katika faiba, nyuzi za kioo ndizo fito, nayo resini ndiyo udongo.

Boti inapogonga mwamba na kupasuka, kilichokatika ni fito. Anayejaza ufa kwa fila ya mafundi wa magari, akapiga msasa na kupaka rangi, amekandika udongo mahali pasipo na fito. Boti itapendeza machoni, na huenda ikavuka majaribio ya hori la Kilifi ambako maji ni matulivu. Itakapotoka nje ya mwamba na kupigwa na mawimbi ya kusi, kiraka kitabanduka kizima kama gamba la kidonda.

Kukagua jeraha

Majeraha mengi ya boti za mwambao huu hutokana na mambo machache. Kuna kuburutwa juu ya mchanga na mawe ya matumbawe, jambo linalokwaruza mkuku. Kuna kugonga mwamba wakati wa maji kupwa. Kuna boti kugongana zikiwa zimefungwa pamoja, na kuna mtikisiko wa mashine unaochosha ubao wa nyuma inakofungwa.

Hatua ya kwanza ni kutambua ukubwa halisi wa jeraha, kwa maana linaloonekana kwa macho aghalabu ni sehemu tu ya lililopo. Osha mahali hapo, kisha gonga polepole kwa sarafu au mpini wa bisibisi, ukianzia mbali na ufa na kuusogelea. Faiba nzima hutoa sauti kali na kavu. Ile ambayo tabaka zake zimeachana hutoa sauti iliyokufa, kama ya kugonga boga. Chora mstari kwa penseli pale sauti inapobadilika, kwa maana mpaka wa jeraha ni huo.

Nyufa ndogondogo zilizotawanyika kama miale ya nyota huenda zikawa za juu tu, katika ngozi ya nje inayong'aa ambayo mafundi huiita jelikoti. Hizo si za kupuuzwa, lakini si za kutisha. Ikiwa upande wa ndani wa mahali hapo kuna weupe kama wa maziwa, au ukibonyeza kwa kidole gumba panaingia ndani, basi nyuzi zimekatika na kazi kubwa inahitajika.

Kwa nini maji kupwa hayatoshi

Kosa la pili ambalo huwagharimu wenye vyombo ni haraka. Boti isiyokwenda baharini haileti kitu. Kwa kawaida ya uvuvi wa Pwani, chombo kina fungu lake katika mgao wa samaki, na kila siku kinapokaa mchangani fungu hilo hupotea pamoja na riziki ya mabaharia. Kwa hivyo mwenye chombo hushawishika kukipweleza maji yakitoka, akakiziba, na kukishua maji yanaporejea.

Hesabu hiyo haikubaliki. Kati ya maji kujaa na maji kupwa kuna takriban saa sita. Katika muda huo boti haiwezi kukauka, achilia mbali kiraka kushika. Faiba iliyonyonya maji ya chumvi huhitaji siku kadhaa za kivuli chenye upepo, au hata majuma, kabla ya kuguswa na resini.

Msimu nao una neno. Kusi huvuma kuanzia mwezi wa Aprili hadi Oktoba hivi, na miezi yake ya mwanzo ndiyo ya mvua ya masika. Bahari huchafuka, vyombo vingi vidogo hulazwa, na wenyewe hupata nafasi ya kuvitengeneza. Kwa bahati mbaya, huo ndio wakati hewa imejaa unyevu. Miezi ya kaskazi, hasa Januari na Februari, ni mikavu na inafaa zaidi kwa kazi hii, lakini ndiyo miezi ya kuvua. Mwenye chombo lazima achague, na ikiwa atalazimika kufanya kazi wakati wa masika, basi awe na banda la makuti lenye paa lisilovuja na awe na subira maradufu.

Ipo njia rahisi ya kujua kama faiba imekauka. Chukua kipande cha nailoni angavu, kiweke juu ya jeraha na ukibandike pande zote kwa utepe ili hewa isipite. Kiache siku moja kuanzia asubuhi hadi asubuhi. Ukiona matone au ukungu upande wa ndani wa nailoni, bado kuna maji. Ondoa, ngoja, kisha jaribu tena.

Kabla ya kukausha, eneo lote lioshwe kwa maji baridi ya kisima au ya mfereji, si ya bahari, ili chumvi itoke. Mafuta ya mashine na ya samaki yaondolewe kwa kitambaa chenye asetoni kabla ya kupiga msasa. Anayeanza na msasa huyasukuma mafuta ndani ya nyuzi, na resini haishiki penye mafuta.

Mteremko ndio nguvu ya kiraka

Sasa yaja kazi ambayo wengi huiruka kwa sababu huonekana kama kuongeza uharibifu. Sehemu yote iliyokufa, hadi kwenye mstari wa penseli, ikatwe na kuondolewa. Kisha ukingo wa tundu uchongwe kwa grainda au msasa mkali hadi uwe mteremko mrefu, mfano wa ufuo unaoingia baharini polepole.

Kipimo kinachokubalika na mafundi ni mara 12. Kwa kila milimita moja ya unene wa boti, mteremko uwe na urefu wa milimita 12. Tuseme ubavu wa boti una unene wa milimita 6 na tundu lina sentimita 10 kwa 20. Mteremko utakuwa wa milimita 72, yaani kama sentimita 7 kila upande. Tundu lile dogo sasa limekuwa jeraha la takriban sentimita 24 kwa 34.

Mwenye boti anaweza kushtuka akiona hivyo, lakini sababu yake ni nyepesi. Fito zilizokatika haziwezi kuungwa ncha kwa ncha. Fito mpya lazima zilale juu ya za zamani kwa urefu wa kutosha ili mzigo uhame kutoka moja hadi nyingine. Kiraka kilichotiwa katika tundu lenye kingo zilizosimama wima hushikwa na uzi mwembamba wa gundi tu. Kiraka kilicholala kwenye mteremko hushikwa na uso mpana mara nyingi zaidi.

Baada ya kuchonga, futa vumbi lote kwa brashi na kitambaa kikavu. Usiguse tena mahali hapo kwa mikono mitupu, maana jasho na mafuta ya ngozi hupunguza mshiko.

Ikiwa tundu limetokeza upande wa pili, bandika upande wa ndani kipande cha ubao mwembamba au katoni ngumu iliyovishwa nailoni ili resini isikigande. Hicho ni kiegemeo tu, nacho kitaondolewa baadaye na upande wa ndani uongezwe tabaka mbili.

Vipimo vya resini na dawa yake

Mkeka wa nyuzi za kioo huuzwa kwa uzani wake. Ule wa gramu 450 kwa mita mraba, ukishalowa resini, hutoa unene wa karibu milimita moja. Kwa boti ya milimita 6, kata vipande sita, cha kwanza kikubwa kufikia ukingo wa nje wa mteremko na vinavyofuata vidogo zaidi na zaidi. Kipande cha saba cha kufunika vyote si ubadhirifu.

Pima vipande vyote kwa mizani vikiwa vikavu. Resini inayohitajika ni mara mbili hadi mbili na nusu ya uzani huo. Kwa jeraha la mfano wetu, takriban nusu kilo inatosha. Anayemimina zaidi akidhani anaongeza nguvu anaongeza udongo tu, na kiraka chake kitakuwa kizito na chepesi kupasuka.

Resini ya poliesta, ambayo ndiyo ya bei nafuu na hutumiwa zaidi, haigandi hadi itiwe dawa ya kuigandisha. Kiasi chake ni asilimia 1 hadi 2 ya uzani wa resini, kwa kuzingatia maagizo ya kopo. Katika joto la Malindi, ambalo mchana wa Februari na Machi hupita nyuzi 30, asilimia 1 huwa ya kutosha. Kwa kuwa mililita moja ya dawa hiyo ina uzani wa gramu moja hivi, gramu 300 za resini huhitaji mililita 3, nazo hupimwa kwa sirinji isiyo na sindano wala si kwa kukadiria kwa kifuniko cha chupa.

Dawa ikizidi, resini huchemka, hutoa moshi na kugeuka kuwa jiwe jepesi kuvunjika. Ikipungua chini ya asilimia 1, haigandi vyema hata ikae mwezi mzima, na hakuna dawa ya kuokoa kazi hiyo ila kuibandua yote na kuanza upya. Kwa sababu hiyo, changanya kidogo kidogo, gramu 200 au 300 kwa wakati mmoja, katika chombo kipana. Resini iliyorundikana ndani ya kopo jembamba hujichemsha yenyewe.

Epoksi hushika faiba ya zamani kwa nguvu kuliko poliesta, lakini ni ghali zaidi na vipimo vyake ni vingine kabisa. Mikeka mingi ya nyuzi zilizokatwakatwa haiiafiki epoksi, kwa kuwa gundi inayozishikanisha nyuzi zake huyeyushwa na poliesta pekee. Anayechagua epoksi atumie kitambaa cha nyuzi zilizofumwa. Ajue pia kwamba jelikoti ya poliesta haigandi vyema juu ya epoksi, hivyo amalizie kwa rangi.

Kulaza tabaka

Kazi ifanyiwe kivulini, umande ukishakauka asubuhi na kabla unyevu wa jioni haujashuka. Jua kali huigandisha resini kabla nyuzi hazijalowa, nao upepo wa ufuoni huleta mchanga.

Paka resini kwenye mteremko kwanza. Laza kipande kikubwa, kisha kidonyoe kwa brashi badala ya kukisugua, hadi weupe wa nyuzi upotee na mkeka uonekane kama maji. Weupe unaobaki ni hewa, na hewa ni njia ya maji ya kesho. Pitisha rola ndogo ya chuma kutoka katikati kuelekea nje ili viputo vitoke.

Usilaze zaidi ya tabaka tatu kwa mkupuo mmoja. Zisubiri zigande na kupoa, halafu endelea. Ukiziacha hadi kesho yake, zipige msasa tena kabla ya kuongeza nyingine, maana uso uliokwisha kukomaa hauungani na resini mpya ila ukikwaruzwa.

Poliesta isiyo na nta hubaki ikinata juu kwa sababu ya hewa. Funika tabaka ya mwisho kwa nailoni laini au tumia resini yenye nta kwa tabaka hiyo pekee. Baada ya saa 24, kiraka chaweza kupigwa msasa, kufunikwa kwa jelikoti au rangi ya boti, na hapo ndipo fila huwa na kazi yake halali ya kusawazisha vishimo vidogo vya juu. Boti isirudi baharini kabla ya siku saba hivi.

Hatari kwa fundi na familia

Wengi hufanya kazi hii uani au chini ya mwembe, watoto wakizunguka. Wanapaswa kujua wanachokishika.

Dawa ya kugandisha resini ni angavu kama maji. Tone moja likiingia jichoni laweza kupofusha. Miwani ya kukinga macho ni lazima, na ndoo ya maji safi iwe karibu. Likimpata mtu, aoshwe jicho papo hapo kwa maji mengi kwa dakika zisizopungua 15, kisha akimbizwe hospitalini. Dawa hiyo isipimwe kamwe katika chupa ya soda au ya maji ya kunywa, kwa kuwa mtoto hatatofautisha. Kadhalika, isichanganywe moja kwa moja na kichocheo cha kobalti ambacho huuzwa kando na baadhi ya resini, kwa maana viwili hivyo vikikutana vyenyewe hulipuka.

Harufu kali ya poliesta hutokana na kemikali iitwayo stairini. Mvuke wake huanza kuweza kushika moto katika joto la nyuzi 31 hivi, joto ambalo Pwani si geni. Sigara, jiko la makaa na cheche za grainda viwe mbali. Isitoshe, mwaka wa 2018 shirika la utafiti wa saratani la IARC, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani (WHO), liliiorodhesha stairini miongoni mwa vitu ambavyo yamkini husababisha saratani kwa binadamu. Kazi ifanyiwe mahali penye hewa.

Vumbi la faiba huwasha ngozi na kudhuru mapafu. Leso iliyofungwa puani haitoshi. Barakoa ya vumbi, glavu na shati la mikono mirefu vinahitajika, nalo vumbi likusanywe juu ya turubai badala ya kuachwa lipeperukie baharini, kwani faiba haiozi.

Penye mpaka wa ufundi wa nyumbani

Si kila jeraha ni la kushughulikiwa na mwenye chombo. Ubao wa nyuma unaobeba mashine, katika boti nyingi, una mbao ndani ya faiba. Ukiona maji ya rangi ya kahawia yakitiririka kwenye matundu ya skrubu, au mashine ikicheza inapoinuliwa, mbao hizo zimeoza na kiraka cha nje hakina maana. Mkuku uliopasuka kwa urefu, na mataruma yaliyobanduka kutoka kwenye ubavu, ni kazi ya fundi aliyesomea na mwenye vifaa. Chombo kilichofanyiwa ukarabati mkubwa kinafaa kuonyeshwa kwa wakaguzi wa Mamlaka ya Bahari nchini (KMA), ambayo ndiyo yenye jukumu la usalama wa vyombo vidogo, na viongozi wa kikundi cha usimamizi wa ufuo (BMU) wajulishwe kabla ya mabaharia kupanda.

Kanuni hizi hazihusu boti pekee. Baadhi ya magari ya kitalii yanayotoka Malindi na Watamu kuelekea Tsavo Mashariki kupitia lango la Sala yana paa la faiba, sawa na magari ya wasafiri wanaolala humo humo. Matangi ya maji na bampa vilevile. Kukausha, kuchonga mteremko, kupima dawa na kulaza nyuzi ni kule kule. Tofauti ni kwamba paa la gari likivuja, abiria hulowa na kununa.

Kabla ya kushua boti, mimina maji ndani hadi yafunike kiraka na utazame nje kwa saa moja kama kuna unyevu. Safari ya kwanza iwe ndani ya mwamba au horini, mashaka yakiwepo basi usiende, na kila aliyemo awe amevaa jaketi la kujiokoa. Baada ya hapo, kila boti inapopwelewa, mwenyewe azunguke na sarafu yake mkononi na kugonga kingo za kiraka. Sauti ikiwa kavu, atweke. Ikiwa imekufa, mabaharia walale nyumbani usiku huo.